Sentensi Aliyoiongeza Thelma Barraclough

Thelma Barraclough alikaa mapokezi ya kliniki ya meno hapa Sowerby Bridge, kaskazini mwa Uingereza, miaka mingi, hadi watoto aliowatuliza wakiwa na meno ya utoto wakaja kuwaleta watoto wao. Kazi aliyoajiriwa kuifanya ilikuwa kupokea simu, kupanga miadi na kuwaambia watu kwamba daktari amechelewa kidogo. Kazi aliyoipenda ilikuwa nyingine: kuwanyamazisha watoto waliokuwa wakilia kwenye viti vya kusubiria.

Hadithi yake ilianzia hapo. Msichana mmoja aliyeng'oka jino la mbele alikataa katakata kufungua mdomo, na mama yake alikuwa ameshachoka kumbembeleza. Thelma akainama juu ya kaunta.

"Umeshapangisha?" akamwuliza kwa sauti ya chini.

Msichana akamkodolea macho.

"Hilo pengo lako. Nyumba nzuri namna hiyo, mbele kabisa, inapata jua, halafu unaiacha tupu? Kuna bwana mdogo anaitwa Nubbin anatafuta chumba. Hebu nione kama kitanda chake kitaenea."

Mtoto akafungua mdomo mpaka daktari akaingia na kioo chake.

Tangu siku hiyo watoto wakawa wanamwulizia Nubbin. Nubbin alihamia na kitanda na birika lake, na malalamiko hayakumwisha: supu ya moto inafurika sebuleni, ulimi unamgongea ukuta asubuhi yote. Watoto walicheka hadi wakafika mwisho, na mwisho ndio uliowagusa. Jino jipya likianza kuchungulia, Nubbin lazima ahame, na mwenye pengo ndiye anayepaswa kumwambia.

Thelma aliiandika hadithi hiyo majira ya baridi, kwenye meza ya jikoni. Mumewe Gordon alikuwa postamasta mstaafu aliyefuga njiwa wa mashindano, mtu asiyesoma kitu zaidi ya ukurasa wa michezo. Alipopewa kurasa zile alizisoma zote akiwa amesimama karibu na jiko.

"Kwa hiyo anaondoka kweli?" akauliza. "Hakuna namna?"

"Hakuna."

"Mh." Akavaa koti akatoka kwenda kwa njiwa wake, akakaa huko mpaka chai ikapoa. Thelma akajua kwamba ameandika kitu cha maana.

Mimi nauza nyuzi za kufumia karibu na mfereji wa mashua, na kila Jumanne baada ya kufunga duka huenda kwenye kikundi cha waandishi pale maktaba. Ndiko nilikomfahamu Thelma vizuri. Tulikuwa watu wa kawaida: mwalimu mstaafu aliyeandika mashairi ya mvua, dereva wa basi na riwaya yake ya mauaji, mimi na kumbukumbu za bibi yangu. Na alikuwepo Clive Entwistle. Clive aliuza bima maisha yake yote, akastaafu, akajichapishia mwenyewe kitabu kuhusu historia ya mfereji. Kwa sababu hiyo alikuwa ndiye mchapaji wetu, mwanasheria wetu na mshauri wetu, tupende tusipende.

Kwetu huku, mtu akitaka kitabu chake cha watoto kichapishwe na kampuni kubwa, hampelekei mchapishaji mwenyewe. Hatakisoma. Anatafuta wakala, mtu anayesimama kati ya mwandishi na wachapishaji, anayeuza mswada kwa niaba yake na kula sehemu ya kinachopatikana. Thelma aliwaandikia mawakala ovyo, kama sisi wengine. Kila barua aliianza kwa "Mpendwa Bwana au Bibi." Aliwaambia kwamba wajukuu wa dada yake waliipenda sana hadithi. Aliweka michoro ya jirani yake iliyopakwa kalamu za rangi, na katika kila bahasha akatumbukiza mswaki mdogo wa kliniki kama zawadi. Alijibiwa na wachache, na hao walimjibu kwa mistari miwili. Mmoja alimrudishia mswaki.

Ndipo maktaba ikamleta mwandishi mmoja wa vitabu vya watoto kuzungumza nasi, mama mnene mwenye sauti ya kuchekesha.

"Wangapi hapa mmeandika kwamba wajukuu waliipenda hadithi?" akauliza. Mikono ikapanda. "Wajukuu wanawapenda nyinyi, wapenzi wangu. Hata mkiwasomea bili ya umeme watapiga makofi."

Tulicheka. Thelma alikuwa mwekundu hadi masikioni, lakini alikuwa akiandika kila neno.

Yule mama alitueleza kwamba wakala ni mtu mwenye mapenzi na machukizo yake, na kazi yetu ya kwanza ni kumjua kabla ya kumwandikia. "Mtu anauza vitabu vya majasusi, wewe unampelekea sungura wa nini?" Alisema barua iwe fupi: hadithi inamhusu nani, anataka nini, nini kinamzuia, ni ya watoto wa umri gani, wewe ni nani. Sura za mwanzo tu, kama wakala anavyotaka, bila michoro, maana mchoraji hutafutwa na mchapishaji. Na mswada uwe umekamilika kweli, umesomwa kwa sauti mbele ya watoto wasiokujua, kwa sababu mtoto asiyekujua akichoka anaondoka zake.

Akamalizia na jambo ambalo wengi wetu hatukulitilia maanani. "Mkiwaandikia mawakala kadhaa na mmoja akakutaka, waambie wengine. Ni adabu. Wataacha kila kitu wasome haraka, ili wasikupoteze."

Thelma akaanza upya. Akapunguza maneno, akazisomea sura watoto wa kliniki ambao walikuwa wageni kwake, akakata palipowachosha. Barua yake mpya ilitosha nusu ukurasa. Akatafuta mawakala waliopenda hadithi za vichekesho zenye huzuni ndani yake, akamwandikia kila mmoja kwa jina lake. Mmoja wao alikuwa mama wa London aitwaye Rosalind Mabbutt.

Kisha kimya. Majira ya kuchipua yakapita, kiangazi chetu chenye mvua kikaja, na Thelma akawa anafungua barua pepe zake katikati ya mgonjwa na mgonjwa. Alikuwa amebakiza kidogo kustaafu, na alishaanza kuongea kama mtu aliyekosa basi la mwisho.

Jumanne moja baada ya kikao tulikuwa baa, sote kwenye meza ya pembeni, Clive ametununulia bia.

"Umelala, bibie," Clive akamwambia Thelma. "Yule mama alitupa ufunguo wewe ukautia mfukoni."

"Ufunguo gani?"

"Waambie kuna mwingine anakutaka. Kesho uone kama hawatakurupuka."

"Lakini hakuna mwingine, Clive."

"Wao watajuaje? Mimi nimeuza bima miaka yote hiyo kwa kuwaambia watu kwamba jirani yao keshanunua. Kuna aliyekufa?"

Watu wakacheka. Thelma naye akacheka, nikadhani yameishia hapo.

Kesho yake, saa ya chakula cha mchana, akamwandikia Rosalind Mabbutt ujumbe mfupi. Aliniambia baadaye kwamba aliandika maneno ya heshima kuulizia mswada wake, na ujumbe ulikuwa tayari kutumwa. Kisha akaongeza sentensi moja: wakala mwingine ameshaomba kuiwakilisha kazi hii, nami nimeahidi kumjibu Jumatatu.

Akabonyeza.

Jibu lilikuja sandwichi haijaisha. Rosalind alimshukuru kwa kumjulisha, akaomba mswada mzima, akaahidi kuusoma kabla ya Jumatatu. Thelma akautuma.

Jumatatu simu ikalia kliniki. Thelma akamwachia mwenzake kaunta, akaingia chumba cha eksirei akafunga mlango.

"Thelma, mimi Rosalind. Nimecheka nikalia. Yule mtoto anapomwambia Nubbin kwamba jino linakuja, na Nubbin anasema alishalisikia likigonga chini ya sakafu ila hakutaka kuwa wa kwanza kulitaja... Hivi uliwaza nini?"

Thelma hakuwahi kuulizwa swali kama hilo maishani mwake.

"Samahani kama nimechelewa," Rosalind akaendelea. "Jumamosi mama yangu alikuwa anatimiza miaka themanini, ukoo mzima umekusanyika, na mimi nimekaa kwenye gari nje ya hoteli namalizia sura yako ya mwisho. Keki imekatwa sipo. Mama hajaniongelesha tangu siku hiyo. Lakini ningefanya nini, umeshasema Jumatatu. Haya niambie, nashindana na nani?"

Hapo, Thelma aliniambia, ndipo palipokuwa na mlango wa kutokea. Angeweza kusema. Mama wa watu kakosa keki ya mama yake kwa sababu yake, na bado angeweza kusema. Badala yake mdomo wake ukatoa jina ambalo Clive alipenda kulitajataja, jina la wakala ambaye Thelma hakuwahi hata kumwandikia.

"Bwana Haddow."

"Aa, Piers Haddow! Mshindani wa kweli. Basi njoo London unisikilize na mimi kabla hujaamua. Alhamisi?"

Habari zikaenea. Gordon aliwaambia wafuga njiwa wenzake wote kutoka hapa hadi Halifax. Kikundi tukanunua kadi tukaisaini. Clive aliandika kwa herufi kubwa "NILIKUAMBIA," na, mbali na yeye, ni Thelma peke yake aliyejua maana yake. Mimi nilimfumia skafu ya bluu ya kuvaa siku ya kwenda London. Aliipokea bila kunitazama usoni, nikafikiri hakuipenda rangi.

Alipanda treni Alhamisi asubuhi. Rosalind alikuwa mama mrefu, nywele zimekaa ovyo, mchangamfu. Alimpeleka kwenye mgahawa mdogo karibu na ofisi yake, akaagiza pai ya samaki kwa wote wawili, akamweleza wachapishaji ambao angewaonyesha hadithi na kwa nini. Alitaka sura ya tatu ifupishwe. Alikuwa amefikiria hata mchoraji. Thelma alisema alisikiliza kama mtu anayesomewa wasia wa tajiri wakati anajua jina lake halimo.

"Jana nilikutana na Piers kwenye sherehe ya kitabu," Rosalind akasema akipaka siagi kwenye mkate. "Nikamtania, nikamwambia ashinde aliye bora. Unajua alisemaje? Eti hajawahi kusikia habari za Nubbin wala za Thelma Barraclough. Nilidhani ananificha. Lakini Piers hajui kuficha, anakuwa mwekundu kama wewe sasa hivi."

Huo ulikuwa mlango wa pili. Thelma alitazama pai yake.

"Labda..." akasema. "Mimi nilizungumza na katibu wake. Huenda hakumfikishia."

"Prudence? Bi Lockyer?" Rosalind akaweka kisu chini. "Ajabu. Prudence hajawahi kupoteza hata kipande cha karatasi. Basi nitamwambia Piers amwulize."

"Usimsumbue kwa ajili yangu."

"Si usumbufu. Kama kuna tatizo ni vizuri walijue, maskini. Umri nao umekwenda."

Thelma alirudi nyumbani jioni ile akamwambia Gordon kwamba mambo yamekwenda vizuri, kwamba amechoka tu. Gordon alikuwa amemchemshia viazi na soseji. Alivifunika kwa sahani kwa ajili ya kesho.

Siku iliyofuata, asubuhi, simu ya kliniki ikalia. Sauti ilikuwa ya mama mtu mzima, ya adabu sana.

"Bi Barraclough? Naitwa Prudence Lockyer, ofisi ya Bwana Haddow. Nimekupigia kukuomba radhi."

Mbele ya Thelma palikuwa na baba mmoja akisubiri kulipa, na mtoto akirusha gari la plastiki sakafuni.

"Nimetafuta jana alasiri yote," Bi Lockyer akasema. "Nimetafuta kwenye kompyuta, kwenye makabati, hata kwenye mkoba wangu. Sioni mswada wako. Na nisamehe sana, lakini mazungumzo yetu pia siyakumbuki hata kidogo. Nimejaribu. Je, tuliongea kwa muda mrefu?"

Thelma alimwashiria yule baba asubiri.

"Nakuuliza kwa sababu dada yangu ilimwanza hivihivi," sauti ikaendelea, sasa taratibu zaidi. "Alianza kusahau watu aliozungumza nao. Bwana Haddow amekuwa mwungwana, hajanikaripia. Amesema tu labda ni wakati wa kufikiria kupumzika. Basi ningependa, kama hutajali, unikumbushe nilikwambia nini. Huenda nikisikia nitakumbuka."

Thelma aliniambia kwamba alitamani ardhi ipasuke. Yule baba aliyesubiri kulipa alimwona akishika kaunta kwa mikono miwili, akadhani anaumwa.

"Bi Lockyer," akasema, "hujasahau kitu."

"Samahani?"

"Hatujawahi kuongea. Sijawahi kukutumia mswada. Hakuna wakala aliyenitaka. Nilidanganya ili Bi Mabbutt asome haraka, akaniuliza jina nikataja la bosi wako, halafu nilipobanwa nikakusingizia wewe. Akili yako ni nzima. Mimi ndiye mwongo."

Mtoto alikuwa ameacha gari lake.

Upande wa pili Thelma akasikia mtu akivuta pumzi, akilia au akijizuia kulia, hakujua.

"Nilishapanga miadi kwa daktari," Bi Lockyer akasema mwishowe. "Jana usingizi haukuja. Nimempigia dada yangu kule alikolazwa, ingawa hanijui tena, nikamwambia nakufuata. Asante kwa kuniambia, Bi Barraclough. Siwezi kusema zaidi ya hapo."

Akakata simu.

Thelma hakusubiri wa kumsuta. Alimpigia Rosalind saa ileile kutoka chumba cha eksirei, akamweleza tangu sentensi ya kwanza. Rosalind hakupaza sauti, na Thelma alisema angeona afadhali kama angetukanwa.

"Mswada ni mzuri," Rosalind akasema. "Ningeusoma tu, unajua? Ulikuwa kwenye rundo langu, chini kidogo. Wiki mbili hivi ningeufikia."

"Nisamehe."

"Siku nikimpigia mchapishaji nikamwambia wengine watatu wanakitaka kitabu hiki, ananiamini kwa sababu sijawahi kumdanganya. Sina kitu kingine cha kuuza, Thelma, ni neno langu tu. Siwezi kulifunga pamoja na lako. Nakutakia heri." Kisha akaongeza, "Kwa Piers nitaeleza mwenyewe. Prudence usimpigie tena. Mwache."

Thelma alimwandikia Bwana Haddow kwa mkono kumwomba radhi na kumsafisha Bi Lockyer. Hakujibiwa, wala hakutarajia.

Gordon aliambiwa nyumbani, jikoni. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Nimeshawaambia watu wote," akasema.

"Najua."

"Na Harold wa njiwa nimemwambia. Harold ana mdomo."

"Najua, Gordon."

Akakuna kidevu. "Basi nitawaambia imeshindikana."

"Waambie kweli. Nimechoka na uongo."

Gordon akaenda kuwaambia kweli, mmoja mmoja, na sijui kwa mtu kama yule, asiyependa maneno, lipi lilikuwa gumu zaidi. Alirudi akasema Harold kamnunulia bia na hakusema kitu, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Jumanne Thelma akaja maktaba. Tulikuwa tumeleta keki, hatukujua. Alisimama na koti lake mwilini, akatueleza, hakujipunguzia hata kidogo, hata habari ya dada wa Bi Lockyer akaieleza. Hakumtaja Clive. Lakini sote tulikuwa baa siku ile, sote tulicheka, na kila mtu alikuwa anatazama viatu vyake.

Clive ndiye aliyeongea. "Mimi nilikuwa natania, bibie. Nani angejua utafanya kweli?"

"Hukuwa unatania," Thelma akasema. "Lakini aliyebonyeza ni mimi."

Akaweka skafu yangu ya bluu mezani mbele yangu, imekunjwa vizuri. "Nilishindwa kuivaa, Dot. Mpe mtu mwingine." Akaondoka. Keki haikukatwa.

Hakurudi kikundini kwa muda mrefu. Nikipita kliniki nilimwona nyuma ya kaunta, akipokea simu, lakini watoto walilia mpaka wakaitwa ndani. Nilimwuliza siku moja kwa nini haongei nao tena.

"Nikianza kumtaja Nubbin naisikia sauti ya yule mama," akaniambia. "Anavyoniuliza alisema nini. Dot, alitaka nimkumbushe uongo wangu ili ajikute hajachanganyikiwa."

Nilimnunulia chai.

Alistaafu. Gordon akampa kazi ya kumsaidia na njiwa, na huko bandani, kwa jinsi nilivyoelewa, akaanza kuandika tena. Ilikuwa hadithi nyingine, kuhusu njiwa wa mashindano anayepotea njia makusudi kwa sababu amechoka kuwahi. Aliifanyia kazi muda mrefu. Mwisho akamwandikia wakala mmoja wa Leeds, mama wa makamo aitwaye Sunniva Rudge, barua ya nusu ukurasa, sura tatu, basi. Alisubiri miezi. Safari hii hakuulizia hata mara moja, ingawa kuulizia kwa adabu si kosa.

Sunniva alipomwita Leeds wakutane, Thelma hakukaa kwanza. Akamwambia yote akiwa amesimama mlangoni.

Sunniva alimwacha amalize. "Niliisikia hiyo," akasema. "Biashara yetu ni ndogo. Nilikuwa nasubiri kuona kama utaniambia kabla ya chai au baada."

"Basi na kwako nimeshatolewa nje?"

"Umeingia. Kaa. Lakini kila ninachokuuliza, hata kama ni kitu kidogo, unijibu kweli, hata kama jibu ni sijui."

Wachapishaji wengi walikataa. Mmoja, wa pili kutoka mwisho wa orodha ya Sunniva, akakubali. Ni kampuni ndogo, na kitabu chenyewe si kinene. Hadithi ya Nubbin Thelma hakuitoa tena. Sunniva alimwomba mara kadhaa, akamjibu kweli kama walivyoahidiana: hataki pesa ya hadithi hiyo, na hawezi kueleza zaidi.

Kikundini alirudi pia. Clive alikuwa ameshahamia kwa binti yake Bridlington. Wageni wakija wanaomwuliza jinsi ya kumpata wakala, Thelma huwaambia yote aliyotuambia yule mama mnene: wajueni kwa majina, barua fupi, michoro hapana, wajukuu hapana. Akifika kwenye habari ya kuwajulisha wengine pale mmoja anapokutaka, anasema, "Mkiwa naye kweli. Mkiwa hamna, kaeni kimya msubiri," na shingo yake inakuwa nyekundu hadi leo. Anawaeleza na sababu. Nilimwambia hana haja ya kujianika mbele ya kila mgeni. Akasema wakisikia sheria tu wataisahau, kama yeye alivyoisahau.

Kitabu kilipotoka, duka la vitabu la Hebden Bridge lilimwandalia mchana mmoja wa kusaini. Mvua ilikuwa inanyesha, na watoto walikuja na mabuti yao ya mpira. Gordon alileta njiwa mmoja kwenye kikapu, akasimama nacho mlangoni kama askari. Thelma alisaini, akiwauliza watoto majina, na nilimwona akicheka kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

Kisha akaingia mama mmoja mtu mzima, koti la kijivu, mwavuli mkononi, akauliza kitu kwa muuzaji kwa sauti ya London, ya adabu. Thelma akanyanyua kichwa. Aliweka kalamu chini, akainuka, akaenda nyuma ya rafu za vitabu vya mapishi. Nilimfuata nikamkuta ameegemea ukuta.

"Ni Bi Lockyer?" nikamwuliza.

"Sijui. Sijawahi kumwona sura yake, Dot. Nitajuaje?"

Nikatoka kuchungulia. Yule mama alikuwa ananunua kalenda yenye picha za mbwa, akaomba mfuko wa kuikinga na mvua. Alipita mbele ya meza ya Thelma, akakitazama kitabu, akamtabasamia njiwa wa Gordon, akafungua mwavuli wake akaenda zake.

"Ameondoka," nikamwambia.

Thelma akajifuta uso, akarudi mezani ambako watoto walikuwa bado wamepanga foleni, akamwomba wa kwanza amtajie tena jina lake, polepole, ili asilikosee.